PLASTIKI HAIOZI, HUSAGIKA
Somo kuhusu chembe za plastiki katika maji yetu

Kitendawili! Tega! Kila nikimvunja huongezeka.

Umeshindwa, mpenzi msomaji? Basi nipe mji. Jibu nitakupa, lakini kwanza sikiliza kisa hiki.

Likizo ya Desemba nyanya yangu alinituma niondoe gunia kuukuu lililokuwa limefungwa kwenye ua wa banda la kuku. Lilikuwa gunia la viazi, yale meupe yaliyofumwa ambayo kila mtu hapa Kiirua anayajua, maana viazi ndivyo vinavyowalipia wengi wetu karo. Gunia lenyewe lilikuwa limepigwa na jua miaka mingi. Nililishika tu, likanivunjikia mikononi kama mkate mkavu. Nyuzi zikawa vipande, vipande vikawa unga mweupe uliotapakaa uani.

"Nyanya, gunia limeisha lote!" nikamwambia.

"Wachana nalo, mjukuu wangu. Hilo limeoza. Litarudi udongoni lenyewe."

Jioni mvua ikanyesha. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni nikaona maji yakiubeba ule unga mweupe, yakapita chini ya ua, yakaingia mferejini na kushika njia ya kijitoni. Ni kijito kilekile ambacho mabomba ya mradi yakikauka sote hukikimbilia na mitungi yetu.

Shule zilipofunguliwa nikamwuliza mwalimu wetu wa Kemia kama kweli gunia lile lilikuwa limeoza. Alitabasamu, kisha akanijibu kwa maneno matatu ambayo nimeyafanya kichwa cha makala haya: "Plastiki haiozi, husagika."

Naam, jibu la kitendawili ni plastiki. Ukiivunja moja unapata mbili, ukivunja mbili unapata nne, na hakuna hata kipande kimoja kinachokoma kuwa plastiki.

KUOZA NA KUSAGIKA

Hebu tuanze na maneno haya mawili, kwa kuwa ndiyo msingi wa somo letu lote.

Kitu kinapooza, huliwa. Jani la mgomba likianguka shambani, kuvu na bakteria hulishambulia, hulimeng'enya, na mwishowe hubaki udongo, maji na hewa. Jani halipo tena. Kamba ya katani huoza, gunia la juti huoza, shati la pamba huoza, hata mfupa huisha baada ya muda. Viumbe hivi vidogo vimekuwa vikiyala mabaki ya mimea na wanyama tangu zama za kale na vinajua kazi yao.

Plastiki ni kitu kigeni kwao. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na gesi, na ndani yake mna minyororo mirefu ya kaboni iliyoshikamana barabara. Bakteria wengi hawana meno ya kuitafuna. Kinachoidhuru plastiki ni jua. Miale ya jua huikata ile minyororo mirefu kuwa mifupi, plastiki ikapoteza ulaini wake na kuwa kavu. Ndipo upepo, maji, kwato za ng'ombe na miguu yetu huimalizia kwa kuivunjavunja. Hapa kwetu mlimani, karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri ni kali hata siku ya baridi, kwa hiyo kazi hii huendelea mwaka mzima.

Vipande vya plastiki ambavyo havizidi milimita 5, yaani kama punje ya ndengu na kushuka chini, ndivyo wanasayansi wanavyoviita kwa jina maalumu. Jina hilo lilipata umaarufu mwaka wa 2004, wakati Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha utafiti wao kuhusu vipande vidogo mno vya plastiki walivyovipata katika mchanga wa fuo na katika maji ya bahari. Sisi hapa tutaviita chembe za plastiki. Baadhi ya chembe hizi huonekana kwa macho. Nyingine ni ndogo kuliko unywele ulivyo mwembamba, na nyingine hata hadubini ya maabara yetu haiwezi kuzionyesha.

Chembe ni za aina mbili. Ziko zilizotengenezwa zikiwa ndogo tangu mwanzo, kama vile vipunje vilivyokuwa vikitiwa katika sabuni za kusugulia uso na dawa za meno. Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 2015 ya kuvipiga marufuku katika bidhaa za aina hiyo. Ziko pia zile zilizotokana na vitu vikubwa vilivyosagika, kama gunia la nyanya yangu. Kwetu sisi, hizi za pili ndizo zinazotuhusu zaidi.

Je, plastiki yenyewe ni nyingi kiasi gani? Mwaka wa 1950 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni 2. Kufikia mwaka wa 2019 zilikuwa zimefika tani milioni 460 hivi kwa mwaka. Watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa hadi 2015 walipata tani bilioni 8.3. Kati ya taka zilizotokana nayo, ni asilimia 9 tu zilizotumiwa tena kutengenezea vitu vingine, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zilibaki majaani au zilitapakaa ardhini na majini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimeshafurika.

MANENO YANAYOTUDANGANYA

Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Tumezoea kusema kwamba mazingira ni kazi ya wale wa Biolojia na Jiografia. La hasha! Maneno tunayotumia kila siku yana lawama zake. Nimeyapata matano.

La kwanza ni hilo "limeoza" la nyanya. Tunalitumia kwa gunia, kwa karatasi ya plastiki na kwa mpira wa kumwagilia shamba. Kwa kuwa tumesema limeoza, tunatulia, tukidhani kazi imekwisha. Neno la haki ni "limesagika".

La pili ni "gunia la nailoni". Gunia lile si la nailoni. Limefumwa kwa plastiki iitwayo polipropilini. Ikikosa dawa ya kuikinga dhidi ya jua, au dawa hiyo ikiisha nguvu, hukauka na kuvunjika upesi. Fikiria magunia yote yanayotumiwa hapa kuziba nyua, kufunika mabanda, kuzuia udongo na kukalia sokoni.

La tatu ni "mfuko wa kitambaa". Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, ilikuja mifuko ya rangi rangi tunayoiita ya kitambaa. Mingi ya mifuko hii si pamba. Ni polipropilini ileile ya gunia, isipokuwa imebanwa badala ya kufumwa. Chukua iliyokaa juani miezi kadhaa uisugue kwa kidole, utajionea mwenyewe manyoya yakitoka.

La nne ni "sweta ya sufu". Kondoo angeshangaa kusikia hivyo! Soma ile lebo iliyoshonwa shingoni: sweta nyingi za shule ni za akriliki, ambayo ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Blanketi zetu nzito nyingi ni za poliesta, plastiki ya jamii moja na ile ya chupa za soda. Mwaka wa 2016 watafiti wa Plymouth walipima maji ya kufulia nguo wakakadiria kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki unaofuliwa kwa mashine unaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Sisi hatufui kwa mashine, twafua kwa mkono kwenye karai, na hesabu yetu haiwezi kuwa sawa na yao. Hata hivyo, tazama maji ya Jumamosi pale mferejini nyuma ya mabweni. Ile mivumbi ya rangi ya sweta inaenda wapi?

La tano ndilo baba yao: "nimetupa". Ukisema umetupa, umetupa wapi? Neno lenyewe halina mahali. Kwenye mteremko kama huu wetu mahali papo, nako ni bondeni kwenye maji.

Kuna mengine ambayo hata jina hatujayapa. Matairi ya magari na ya pikipiki hulika barabarani, na vumbi lake, ambalo lina mpira wa kutengenezwa viwandani, huoshwa na mvua ya kwanza likaingia mitaroni. Mipira ya matone na karatasi za grinihausi katika mashamba ya mboga na maua huchakaa ikaachwa papo hapo. Kamba za plastiki za kufungia nyanya hukatwa zikalimiwa ndani ya udongo msimu baada ya msimu.

SAFARI YA MAJI YETU

Sasa tufuate maji. Mlima Kenya ni kama paa la nyumba lenye pande nyingi, na kila upande una kijia chake cha maji.

Upande wa mashariki, mto Kathita hupita mji wa Meru na kuteremka hadi Tana. Kule Embu, Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu katika mto Tana huohuo. Tana huenda mbali, ukakata nchi kavu, ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Chembe iliyoanguka katika mtaro wa Embu yaweza, mradi haikunaswa katika tope la mabwawa, kufika baharini.

Maji ya upande huu wetu wa kaskazini hufuata njia nyingine. Huteremka kuelekea Isiolo na kuingia mto Ewaso Ng'iro, unaopita Archers Post na kuzinywesha mbuga za Samburu na Buffalo Springs. Baada ya hapo mto huenda ukipungua nyikani hadi katika kinamasi cha Lorian. Isipokuwa kwa mafuriko makubwa, hauendi mbali zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, mto wetu haufiki baharini.

Jambo hili lilinishtua nilipolitafakari. Watu husema taka za plastiki huishia baharini, nasi wa bara tukafikiri ni shida ya watu wa Lamu na Mombasa. Kumbe ya kwetu hayana bahari ya kuyapokea. Hubaki katika mchanga wa kingo za mto, katika malisho na katika visima vya mchangani ambavyo wafugaji huvichimba kiangazi ili wapate maji yao na ya mifugo. Kila kiangazi tunasikia malalamiko ya walio chini kwamba sisi wa juu tunayamaliza maji kwa kunyunyizia mashamba. Ni kwa ajili ya ugomvi kama huo ambapo Sheria ya Maji ya 2002 ilitambua vyama vya watumiaji maji, ili wa juu na wa chini waketi pamoja. Katika vikao hivyo huulizwa maji ni mangapi. Ni vyema kuuliza pia yanashuka yakiwa na nini.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu anayelila si hata wa kwetu. Ni mtu aliye mbali, asiyejua kiazi kilichobebwa na gunia lile.

YALIYOPATIKANA AFRIKA MASHARIKI

Pengine utauliza, je, haya si mambo ya Wazungu? Hapana. Yamepimwa hapa hapa kwetu.

Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa Mwanza, Tanzania. Watafiti walinunua samaki wa Ziwa Viktoria sokoni, sangara 20 na sato 20, wakapasua matumbo yao. Walipata vitu vilivyoshukiwa kuwa plastiki katika sangara 11 na sato 7. Walipopima kwa mitambo, ilithibitishwa kwamba samaki 1 kati ya kila 5, katika kila aina, alikuwa amemeza plastiki. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kutoka katika maziwa makuu ya Afrika. Kumbuka samaki hao walikuwa sokoni wakingoja kuingia sufuriani.

Mwaka wa 2018 wanasayansi wa Kenya walichapisha ushahidi wa kwanza kwamba chembe hizi zimo katika bahari ya Kenya, na kwamba zimemezwa na vile viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula cha samaki wadogo. Mwaka wa 2020 ikawa zamu ya Ziwa Naivasha, ambalo kama Ewaso Ng'iro halina mto wa kulifikisha baharini. Humo pia zilipatikana zikielea juu ya maji.

Wala hazikai bondeni peke yake. Mwaka huohuo wa 2020 ilitangazwa kwamba zimepatikana katika theluji ya mlima Everest, zaidi ya mita 8,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo nao ni mchukuzi.

MADHARA YAKE

Kwa viumbe wa majini, dhara la kwanza ni njaa ya shibe. Mnyama hula chembe akidhani ni chakula, tumbo likajaa, naye hapati nguvu yoyote. Hukua pole pole na kuzaa kidogo. Mdogo akiliwa na mkubwa, chembe hupanda ngazi pamoja naye.

Dhara la pili ni sumu. Plastiki nyingi hutiwa dawa za kuifanya iwe laini, iwe na rangi au isishike moto upesi, na dawa hizo huweza kuvuja. Isitoshe, plastiki huvuta sumu nyingine zilizomo majini, kama mabaki ya dawa za wadudu, zikashikamana nayo. Tunaopulizia viazi na maharagwe yetu dawa kila msimu tuna sababu ya kulisikia hilo. Mwaka wa 2020 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kemikali inayotokana na matairi ndiyo iliyokuwa ikiua samaki aina ya samoni katika vijito vya mjini kila mvua ilipopiga barabara.

Udongo nao haukusalimika. Huko Uholanzi wanasayansi waliwafuga nyungunyungu katika mchanganyiko wenye unga mwingi wa plastiki. Wengi walidumaa na wengine wakafa. Kiasi kile kilikuwa kikubwa kuliko cha shamba la kawaida, lakini chaonyesha njia tunayoielekea. Shamba lisilo na nyungunyungu ni shamba gumu.

Vipi kuhusu binadamu? Hapa nitasema kwa uangalifu, maana kutia watu hofu bure si elimu. Mwaka wa 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wakakuta plastiki katika 17 kati yao. Mwaka wa 2024 madaktari wa Italia walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Wale ambao mafuta yaliyoziba mishipa yao yalikuwa na plastiki walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo katika miaka karibu mitatu iliyofuata, takriban mara 4.5 kuliko wasiokuwa nayo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyowadhuru. Ulionyesha tu kwamba mambo hayo mawili yaliandamana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2019 kwamba utafiti zaidi wahitajika, na likakumbusha kwamba adui mkuu katika maji ya kunywa bado ni viini vya magonjwa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usije ukaacha kuchemsha maji kwa sababu umesoma makala haya! Homa ya matumbo ingali ipo. Elewa tu kwamba kuchemsha peke yake huua viini, hakuui plastiki, kwa kuwa haikuwa hai.

TUFANYE NINI?

Maji yakimwagika hayazoleki, na chembe ikishaingia mtoni haizoleki pia. Hakuna chujio la kuzuia mto mzima. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kusagika, wakati plastiki ingali kubwa ya kushikwa kwa mkono.

Kwanza, tuondoe juani magunia, mifuko na mipira iliyochakaa kabla haijakauka. Kipimo ni rahisi: likunje gunia kwa vidole. Likitoa unga, umeshachelewa kidogo. Lifunge ndani ya jingine zima, uliweke kivulini hadi lichukuliwe.

Pili, tuache kuchoma plastiki katika lile shimo la taka. Najua wengi tunaona ndiyo dawa. Moto wa shimo hauna joto la kutosha. Hutoa moshi wenye sumu tunaouvuta sisi wenyewe, na jivu linalobaki bado lina vipande ambavyo havikuungua. Mvua ikija, jivu hilo laenda kulekule. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Shule yetu yaweza kuanza kesho kwa mapipa mawili tu.

Tatu, maji ya kufulia sweta tusiyamwage mferejini. Tuyamwage mahali tambarare penye nyasi, mbali na kijito, ili udongo uzinase nyuzi. Si dawa kamili, maana nyuzi zitabaki udongoni, lakini ni afadhali kuliko kuzituma Isiolo.

Nne, tukumbuke tulivyokuwa navyo. Mkulima wa miraa wa Igembe na Tigania hufunga miraa yake kwa majani ya mgomba isikauke, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu taka za majani hayo. Kiondo cha katani huenda sokoni miaka na miaka, na kikichakaa huoza kikweli. Sisemi turudi nyuma kwa kila kitu. Mtungi wa lita 20 umewapunguzia mama zetu mzigo, na tangi la plastiki limeokoa boma nyingi wakati wa ukame. Nasema tu kwamba kitu cha matumizi ya dakika kumi hakina haja ya kuumbwa kwa kitu cha kudumu miaka mia.

Tano, mradi wa maji unaotoa maji kijitoni na kuyaleta bombani moja kwa moja ungefaa uwe na chujio la mchanga. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti hiyo ya 2019 kwamba usafishaji mzuri wa maji taka huweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya chembe. Mchujo huohuo hupunguza viini vya magonjwa, kwa hivyo shilingi moja hufanya kazi mbili.

Kuhusu serikali, kuna la kusifu. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka wa 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Adhabu iliyowekwa Kenya ni kubwa, faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Kabla ya hapo wachinjaji walikuwa wakikuta mifuko matumboni mwa ng'ombe. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi kwa taka za plastiki, zikiwemo ndara zipatazo 30,000, likashushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar 2019. Ni jijini Nairobi, tarehe 2 Machi 2022, ambapo mataifa 175 yaliafikiana kuandika mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Mazungumzo hayo yalivunjika bila maafikiano huko Geneva mnamo Agosti 2025. Wakubwa wakichelewa, gunia la ua wetu haliwangoji.

JARIBIO LA KUFANYA

Fanyeni haya mkiwa na mwalimu wa Sayansi.

1. Chukueni mchanga mkavu wa ukingo wa kijito, konzi mbili, mkautie katika chupa ya kioo. Msivae sweta wakati huo, nyuzi zake zisije zikadondokea kazi yenu!
2. Yeyusheni gramu 350 za chumvi katika lita 1 ya maji. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu, hivyo huinua vitu vingi zaidi.
3. Mimineni, mkoroge, mwache kwa saa moja.
4. Chujeni kilichoelea kwa kitambaa cheupe cha pamba, mkaushe, mtazame kwa lenzi.
5. Majani na mizizi pia huelea. Mwalimu aguse kila kipande kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Plastiki huyeyuka au kujikunja, jani haliyeyuki.

Angalizo: vipande vya gunia na mifuko vitaelea, lakini vya chupa za soda vitazama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko hata maji ya chumvi. Kwa hiyo hesabu mtakayopata ni chini ya iliyopo.

HITIMISHO

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani na gazeti la ukutani nililoandika kwa ajili ya chama. Nikamsomea nyanya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo lile gunia liko wapi sasa?"

Nikamwambia huenda limefika Isiolo, huenda limo kwenye tope pale chini ya kivuko.

"Na sisi twayanywa?"

"Na sisi, nyanya. Na wengine."

Akainuka, akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na magunia mawili mengine yaliyokuwa yameanza kukauka. "Haya basi, mwalimu. Yafunge."

MSAMIATI

Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo mno ili vionekane.
Katani: mmea (mkonge) ambao nyuzi zake husokotwa kamba.
Kinamasi: mahali penye maji na tope yasiyokauka upesi.
Konzi: kiasi kinachoshikwa kwa kiganja kilichofumbwa.
Kuvu: viumbe kama ukungu wanaoozesha vitu.
Nyungunyungu: mnyoo wa udongoni, rafiki wa mkulima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya kuoza na kusagika. Toa mifano miwili ya kila kimoja kutoka nyumbani kwenu.
2. Mwandishi ametaja maneno matano yanayotudanganya. Tafuta mengine mawili katika mazungumzo ya kila siku.
3. Maji ya kijiji chenu huishia wapi? Chora ramani.
4. "Anayelila si hata wa kwetu." Jadili kauli hii ukirejelea wakazi wa juu na wa chini ya mto Ewaso Ng'iro.
5. Mjadala: Kuchoma taka shuleni kupigwe marufuku. Unga mkono au upinge.